Pasi, Viza na Msimu wa Watalii: Kupanga Safari ya Salsa Ukitokea Malindi

Pasi za kuingilia matamasha makubwa ya dansi ya salsa huko Ulaya huanza kuuzwa miezi mingi kabla ya ngoma yenyewe, na zile za bei ya chini ndizo zinazotangulia kwisha. Ombi la viza ya Schengen, ile moja inayofungua nchi nyingi za Ulaya, halipokewi mapema zaidi ya miezi sita kabla ya safari. Nauli ya ndege nayo hupanda na kushuka kwa sababu zake yenyewe. Aliyenunua pasi mapema hajui kama viza atapewa. Aliyengoja viza hukuta pasi imepanda bei au imekwisha kabisa. Na bado hatujaitaja kalenda ya nne, ambayo kwa mtu wa Malindi ina nguvu kuliko hizo tatu: msimu wa watalii, unaoamua ni lini mfukoni mna kitu na ni lini bosi atakuruhusu uondoke.

Maelekezo mengi ya safari hizi yameandikwa na watu ambao pasipoti zao hazigongi mlango. Mjerumani akiona tangazo Jumatatu, Ijumaa yuko Barcelona na viatu vyake mkobani. Kwetu utaratibu huo hauigiki. Safari ya salsa ya mtu wa Pwani huanzia kazini, ikapita kwenye viza, ndipo ikafika kwenye tamasha. Anayeanza na bango zuri la tamasha mara nyingi huishia kutafuta mtu wa kumuuzia pasi.

Unakwenda kwenye nini hasa

Kuna makusanyiko ya aina kadhaa yanayotangazwa kwa picha zilezile za wanawake waliorushwa hewani, na ndani yake hayafanani.

La kwanza ni kongamano. Sura yake ilitoka Puerto Rico mwaka 1997, walipokusanywa walimu, vikundi vya maonyesho na wachezaji wa nchi mbalimbali mahali pamoja kwa siku kadhaa, na tangu hapo miji mingi duniani imeiga. Kwa kawaida huanza Alhamisi au Ijumaa na kwisha usiku wa Jumapili. Mchana ni warsha za saa moja moja, kumbi tatu au nne zikienda kwa pamoja, zimegawanywa kwa ngazi. Jioni kuna maonyesho ya jukwaani. Ikifika saa nne au saa tano usiku viti huondolewa, madijei hushika usukani, na watu hucheza hadi alfajiri. Pasi kamili hukuingiza kote. Pasi ya usiku hukuingiza kwenye sakafu tu, na ni nafuu. Darasa la mwalimu mashuhuri la saa nyingi mara nyingi hulipiwa peke yake, jambo ambalo tangazo hulitaja kwa herufi ndogo.

La pili ni tamasha la mapumziko, kama lile la Rovinj huko Kroatia, Croatian Summer Salsa Festival, linalofanyika mwezi Juni kando ya bahari ya Adriatiki. Warsha zipo, maonyesho yapo, ila ufukwe umeingizwa kwenye ratiba. La tatu ni marathoni: hakuna mwalimu, hakuna jukwaa, ni kucheza tu mchana na usiku, na waandaaji wengine hupokea maombi kisha wakachagua nani aje ili idadi ya wanaoongoza na wanaoongozwa ilingane. Anayeanza asijipeleke huko. Atalipa ili akae kitini.

Kisha kuna kitu kisichotangazwa sana, nacho kwa maoni yangu ndicho bora kwa safari ya kwanza: sosho, yaani usiku wa kucheza tu, za kila wiki za mji wenye wachezaji wengi. Milano, Paris, London, Madrid na New York zina usiku wa salsa karibu kila siku ya juma, kwa kiingilio kidogo, na mara nyingi darasa la saa moja kabla ya muziki kufunguliwa. Kwenye kongamano la watu elfu mbili utacheza na mtu wimbo mmoja, umpoteze, usimwone tena. Kwenye sosho ya mtaa, ukirudi mara ya tatu watu wamekwisha kukujua jina. Tamasha dogo la siku tatu, likifuatwa na juma moja la sosho katika mji huohuo, hukufunza zaidi kuliko matamasha mawili makubwa yaliyofuatana.

Feria de Cali ya Kolombia ni habari nyingine kabisa. Ile ni sherehe ya mji mzima, inafanyika kuanzia tarehe 25 hadi 30 Desemba, na imekuwapo tangu 1957. Siku ya kwanza kuna gwaride la wachezaji barabarani liitwalo Salsódromo. Huendi huko kutafuta warsha. Unakwenda kuona mji ambao salsa ni maisha yake ya kila siku, kisha usiku unaingia kumbi ndogo kucheza na wenyeji.

Salsa ipi

Hapa ndipo watu wengi hupotelea. Mtu amejifunza mwaka mzima, analipa pasi, anafika, na kila anayemshika mkono anasogea upande asioutarajia.

Salsa tunayoijua ilipata umbo New York miaka ya 1960 na 1970, mikononi mwa Wapuerto Rico, Wakuba na wengineo, juu ya msingi wa muziki wa Kuba uitwao son na dansi iitwayo mambo, iliyokuwa imetamba kwenye ukumbi wa Palladium miaka ya 1950. Kampuni ya santuri ya Fania, iliyoanzishwa mwaka 1964 na mwanamuziki Johnny Pacheco, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, pamoja na wakili Jerry Masucci, ndiyo iliyoitembeza duniani. Septemba 1974 bendi yao, Fania All-Stars, ilipiga Kinshasa pamoja na mwimbaji Celia Cruz, wiki chache kabla ya Muhammad Ali kumpiga George Foreman kwenye ndondi katika mji uleule. Wakongomani hawakuhitaji kufunzwa namna ya kuupokea muziki huo: santuri za Kuba zilikuwa zimewafikia tangu miaka ya 1930, na rumba yao ilikua juu yake. Taarabu ya Mombasa nayo ilikopa midundo ya rumba na bolero. Kwa hiyo sikio la mtu wa Pwani halianzii mbali. Kiuno kilicholelewa na chakacha hakianzii mbali pia. Ni miguu inayohitaji kuamua.

Salsa huhesabiwa kwa mapigo manane. Mchezaji hukanyaga la 1, la 2 na la 3, hutulia la 4, hukanyaga la 5, la 6 na la 7, hutulia la 8. Tofauti iko kwenye pigo ambalo mwili hubadilisha mwelekeo. Mtindo wa Los Angeles hubadilisha kwenye 1 na 5. Mtindo wa New York, uliopangwa na kuenezwa darasani na mwalimu Eddie Torres, hubadilisha kwenye 2 na 6. Yote miwili huchezwa kwenye mstari: wawili hupishana mbele na nyuma kama walio kwenye ujia mwembamba. Wakuba hawana mstari huo. Mtindo wao, casino, uliozaliwa Havana miaka ya 1950, huzunguka, na jozi kadhaa zikikusanyika huwa rueda, duara moja ambalo mtu mmoja hutamka amri na wote wakabadilishana wenza. Cali nao wana miguu yao ya kasi. Inasimuliwa kwamba walizoea kupiga santuri za mwendo wa mizunguko 33 kwa dakika kwenye mwendo wa 45, na mwili ukafuata.

Haya yanahusu nini mpangaji wa safari? Yanahusu sana, hasa kwa mtu wa Malindi. Wengi hapa huonjeshwa dansi za Kilatini hotelini, kwenye vikosi vya animazione vinavyochangamsha wageni wa Kitaliano baada ya chakula cha jioni, na Italia ina wapenzi wengi mno wa mtindo wa Kuba. Mtu akitoka hapo akaingia kongamano la Ulaya ambalo ukumbi mkuu wa salsa unacheza kwa mstari, kwenye 2, usiku wa kwanza atadhani amesahau kila kitu. Hajasahau. Ameingia chumba kisicho chake. Matamasha ya mtindo wa Kuba yapo na hujitangaza hivyo waziwazi. Tangazo likinyamaza, tazama orodha ya walimu, kisha tafuta video za sakafu za mwaka uliopita, si za jukwaani. Maonyesho ya jukwaani hufanana popote. Saa nane za usiku ndizo zinazoonyesha watu wanacheza nini.

Tazama pia vyumba vingine. Siku hizi tamasha linaloitwa la salsa linaweza kuwa na ukumbi mkubwa wa bachata na mwingine wa kizomba. Bachata ni ya Jamhuri ya Dominika, na UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2019. Ile inayotawala Ulaya, iitwayo bachata sensual, ilitoka Uhispania, na huchezwa vifua vikikaribiana kuliko ile ya kwao. Kizomba ni ya Angola. Salsa ina nafasi ya mkono mzima kati ya wawili, hizo mbili mara nyingi hazina. Nalitaja hili kwa sababu nyumbani wataliuliza. Mama akikuuliza, "Mwanangu, huko mnakumbatiana na watu msiowajua?", jibu la kweli ni kwamba inategemea chumba, na kwamba kila mmoja ana haki ya kuchagua chumba, kuweka umbali anaoutaka, na kukataa wimbo. Anayetaka kucheza salsa tu akalala mapema atafanya hivyo bila kuulizwa neno. Pombe huuzwa kwenye baa ya ukumbi, ila wachezaji wazuri wengi hunywa maji usiku kucha. Mzunguko na pombe havipatani.

Kalenda ya Malindi

Wageni hujaa Julai na Agosti, kisha tena kuanzia Desemba hadi Machi. Masika yakianza Aprili mji hupwaya. Hoteli nyingi, Malindi, Watamu hata Shela kule Lamu, hufunga milango kati ya Aprili na Juni kufanya ukarabati, na wafanyakazi hupewa likizo, mara nyingi bila malipo. Anayeishi kwa utalii huilalamikia miezi hiyo kila mwaka. Kwa safari ya salsa, hiyo ndiyo dirisha lako.

Hesabu irudi nyuma kutoka hapo. Tuseme unataka Rovinj mwezi Juni. Ombi la viza linaweza kupelekwa kuanzia Desemba, na mwisho kabisa ni siku 15 kabla ya kuondoka. Wengi hungoja Mei, hoteli ikiwa imekwisha kufungwa, kwa kuwa ndipo wanapopata nafasi ya kwenda Nairobi. Ni wakati mbaya kuliko wote. Ubalozi huomba taarifa ya benki ya miezi ya karibuni, kwa kawaida mitatu au zaidi, pamoja na barua ya mwajiri. Ukiomba Machi, akaunti yako inaonyesha Januari na Februari, mshahara na bakshishi za msimu vikiwa bado vinaingia. Ukiomba mwisho wa Mei, inaonyesha pesa zikitoka tu. Na barua ya mwajiri inayosema kwamba hoteli inafungwa Mei na Juni, na kwamba fulani anatarajiwa kazini tarehe 1 Julai, ina uzito kuliko barua ndefu ya sifa, kwa sababu inajibu swali ambalo afisa wa viza analo kichwani: huyu atarudi?

Kwa sababu ya msimu huohuo Feria de Cali ni ngumu kwa mfanyakazi wa hoteli. Tarehe 25 hadi 30 Desemba ndizo siku ambazo hakuna meneja wa Malindi atakayekuachia. Mwalimu wa shule anaweza; mpishi hawezi.

Ramadhani nayo iingie kwenye hesabu kwa anayefunga. Hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo tamasha lililokuwa mbali nayo mwaka huu linaweza kuangukia ndani yake baada ya miaka michache. Miezi ya Juni kwa sasa iko wazi, lakini ujue kwamba kiangazi cha Ulaya kina mchana mrefu: jua linazama saa tatu usiku, Isha inaingia karibu na wakati muziki unapoanza, na Alfajiri huingia watu wakiwa bado sakafuni.

Viza

Viza ya Schengen ya muda mfupi hugharimu yuro 90 tangu Juni 2024, takriban shilingi 13,000, na hazirudishwi ukinyimwa. Kituo cha kupokea maombi hutoza ada yake juu ya hapo. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu hadi 45, na mwaka wa bahati mbaya hufika huko. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na idumu angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Schengen. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Anayeomba mara ya kwanza hana budi kufika mwenyewe kutoa alama za vidole, na hiyo maana yake ni nauli ya Nairobi.

Kosa linalovunja safari nyingi ni kuomba kwenye nchi isiyo yake. Kanuni ni kwamba unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, ile utakayoingia kwanza. Kroatia imo ndani ya Schengen tangu tarehe 1 Januari 2023. Basi mtu mwenye mwenyeji Milano, anayetaka kukaa kwake siku kumi kisha aende Rovinj siku nne, anaomba kwa Waitaliano, hata kama roho yake yote iko Rovinj. Na aseme ukweli kwenye barua yake: nakwenda kumtembelea fulani, na kuhudhuria tamasha la dansi siku hizi na hizi. Tamasha ni sababu halali ya safari. Mji wa Rovinj, kwa taarifa, hutumia Kitaliano rasmi sambamba na Kikroatia, kwa hiyo Kitaliano cha ufukweni Malindi kitakufikisha mbali pale.

Waandaaji wengi hutoa barua ya kuthibitisha kwamba umelipia pasi, ukiwaandikia ukatoa jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Barua hiyo husaidia lakini haidhamini chochote, na mwandaaji hana sauti ubalozini. Jihadhari na kitu kimoja: ukialikwa kufundisha au kupanda jukwaani kwa malipo, hiyo ni kazi, na viza ya utalii haiifuniki, hata malipo yakiwa ni chumba na chakula.

Sasa lile fundo la mwanzo, pasi dhidi ya viza. Usinunue tiketi ya ndege kabla ya viza. Linalotakiwa kwenye ombi ni nafasi iliyowekwa, na wakala yeyote mwenye uzoefu anajua kukuwekea. Hoteli ichukuliwe kwa masharti ya kufuta bila malipo. Pasi ya tamasha, kinyume chake, inaweza kununuliwa mapema kwa bei ya chini, ila soma masharti kwanza: matamasha mengi hayarudishi pesa hata kidogo, lakini mengi huruhusu kubadilisha jina. Kubadilisha jina ndiyo bima yako. Tamasha likikataa yote mawili, ngoja viza, ukubali kulipa zaidi. Tofauti ya bei ya mapema na ya mwisho ni ndogo ukiilinganisha na nauli.

Pesa

Pasi kamili Ulaya mara nyingi huwa kati ya yuro 80 na 200. Ndiyo bei inayozungumzwa zaidi, na ndiyo ndogo katika safari nzima. Nauli ya ndege huimeza mara kadhaa. Chumba huifuata.

Hoteli ya tamasha ni ghali, na waandaaji hukushawishi uichukue. Wakati mwingine wana haki. Ukumbi ukiwa nje ya mji, na muziki ukiisha saa kumi alfajiri wakati hakuna basi, teksi za usiku nne zinaweza kufuta ulichookoa kwa kulala mbali. Ukumbi ukiwa katikati ya mji wenye treni za usiku, lala popote. Kuna desturi ya wachezaji kugawana vyumba kupitia makundi ya Facebook ya tamasha husika, wanne kwenye chumba cha wawili, ambayo hupunguza gharama sana. Dada anayesafiri peke yake aiingie kwa tahadhari: aone watu kwa video kwanza, achague chumba cha wanawake watupu, na ampe mtu wa nyumbani anwani.

Malipo ya yuro si kikwazo tena kama zamani. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, GlobalPay, iliyoanza 2022, hukubaliwa na tovuti nyingi za kuuza pasi. Usinunue pasi kwa mtu binafsi aliyekutumia ujumbe akisema amepata dharura, mpaka mwandaaji athibitishe kwa baruapepe kwamba jina limebadilishwa. Utapeli wa pasi hushamiri majuma mawili ya mwisho.

Ongeza pia njia ya kutoka huku. Ndege kutoka Malindi, au kutoka Manda kwa watu wa Lamu, zinaweza kukushusha uwanja wa Wilson, Nairobi, badala ya JKIA, uwanja wa ndege za kimataifa, na kutoka Wilson hadi JKIA kwa foleni ya jioni ni safari yenye presha yake. Anayepitia Mombasa kwa treni ya Madaraka Express hushuka Syokimau, jirani na JKIA, na kwa mwenye mzigo na muda hiyo ndiyo njia nafuu yenye usumbufu mdogo.

Sakafuni

Mcheza kwao hutunzwa. Ugenini hakuna anayejua kwamba Malindi wewe ndiye uliyewafundisha wenzako. Usiku wa kwanza utakaa sana. Wenye urafiki wao huchaguana, na wageni hutazamwa kwanza. Dawa ni warsha za mchana: wenza hubadilishwa kila dakika chache, na mtu uliyeshikana naye mikono saa tano asubuhi atakubali wimbo usiku bila kusita. Anayenunua pasi ya usiku tu ili kuokoa pesa hujinyima mlango huo, na kwa mgeni kutoka mbali naona ni uchumi wa uongo.

Unaomba wimbo mmoja, pengine mbili, unashukuru, unamrudisha mwenzio pembeni. Ukikataliwa humwulizi sababu. Humfundishi mtu katikati ya wimbo. Unabeba fulana tatu za kubadilisha kwa usiku mmoja, taulo ndogo na pipi za mnanaa. Joto la Malindi limekuzoesha jasho lako, halijamzoesha mwenzio. Viatu vya dansi vyenye soli ya ngozi laini havikanyagi barabara wala lami yenye maji. Wanawake kuomba wimbo ni jambo la kawaida kabisa huko, na dada zetu wanaongoja kuombwa hukaa bure.

Kuhusu uwiano: mara nyingi wanaoongozwa ni wengi kuliko wanaoongoza, na matamasha mengine hufunga mauzo kwa upande uliozidi, yakauza kwa jozi tu. Dada anayesafiri peke yake ajiandikishe mapema kuliko kaka, au atafute mwenza wa kujiandikisha naye, ambaye si lazima awe amekutana naye kabla. Wanaojua kuongoza na kuongozwa, wa jinsia yoyote, hawana shida hii.

Karibu na nyumbani

Si kila safari ya salsa inahitaji ubalozi. Nairobi imekuwa na usiku wa salsa wa kila wiki kwa miaka mingi, pamoja na bachata na kizomba, na walimu wake wanajua kuhesabu kwenye 1 na kwenye 2. Mtu wa Malindi anayepanga Ulaya angefanya vizuri kupita huko majuma mawili kwanza, apime kama anapenda kucheza na wasiomjua au anapenda tu kutazama video. Uganda na Rwanda Mkenya huingia kwa kitambulisho. Afrika Kusini imeondoa viza kwa Wakenya kwa ziara zisizozidi siku 90 kwa mwaka tangu Januari 2023, na Johannesburg na Cape Town zina wachezaji wengi. Wanachodai mpakani ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambayo huchanjwa angalau siku 10 kabla na hudumu maisha.

Ukinyimwa viza ya Ulaya, utapewa karatasi yenye sababu iliyowekewa alama. Isome kabla ya kukasirika. Ikiwa ni pesa au ushahidi wa kurudi, msimu ujao una nafasi ya kuijibu kwa nyaraka, na ikiwa unaona wamekosea, karatasi hiyo hueleza namna ya kukata rufaa na muda wake. Mwandikie mwandaaji siku hiyohiyo kubadilisha jina la pasi, kwa kuwa wengi hufunga mabadiliko siku chache kabla ya kufungua milango. Alama za vidole ulizotoa hubaki kwenye mfumo kwa miezi 59, kwa hiyo ombi la pili kwa kawaida halitakudai kuzitoa upya, na ukiruhusiwa kulipeleka kupitia wakala umeokoa nauli moja ya Nairobi.